Unga wa Jiwe na Ng'ombe wa Mama

Gharama za sakafu yetu baba alizipanga uani, juu ya vumbi, kwa vitu alivyookota hapo hapo. Jiwe kubwa lilikuwa pipa la saruji. Kijiti kilichonyooka kilikuwa fundi. Kigae cha mtungi kilikuwa pombe ya majirani watakaokuja kutusaidia, maana kwetu hakuna aliyemwita mtu kazini akamwacha na koo kavu. Mama alikuwa ameketi kizingitini, mdogo wangu wa mwisho mapajani, akivitazama vile vitu kama unavyomtazama mgeni anayekuchekea kabla hajakusalimia.

"Hili jiwe ndilo pipa?" mama aliuliza.

"Ndilo."

"Na pipa linatoka wapi?"

Baba akatazama zizini. Mama akayafuata macho yake mpaka yalipotua, akaona yametua juu ya ng'ombe wake wa maziwa.

"Aa," alisema mama. "Kumbe jiwe lina pembe."

Enzi hizo ni za Wadachi. Garimoshi lilikuwa limeshafika Dodoma na kupita, na sisi tulikaa Ihumwa, reli tukiiona kutoka juu ya paa la tembe tulikoanika uwele. Mimi nilikuwa nimeshaweza mtungi mkubwa, lakini wachumba walikuwa hawajaanza kuuliza habari zangu. Majina ya watu wote nitakaowasema ninayo, hata la yule ng'ombe. Lakini wameacha wajukuu, na wajukuu hao tunakutana mnadani, basi majina niacheni nayo.

Ilikuwa hivi. Msimu uliotangulia tulivuna vizuri. Uwele tukaujaza kwenye vilindo, yale mapipa ya magome ya mti, tukavipanga chumbani kwa mama kama wazee barazani. Kwa macho vilikuwa vimejaa. Siku mama aliposogeza kimoja ili apate mbegu ya kupanda, gome likainuka peke yake, chini kukabaki lundo la udongo mwekundu uliochanganyika na maganda. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wamekula kitako cha kilindo, kisha wakaingia kwenye nafaka. Akasogeza cha pili. Ni vile vile. Mwaka ule mama alikwenda Mlali kwa kaka zake kuomba nafaka, akarudi na kikapu kichwani na maneno ya wake za kaka zake moyoni. Kikapu tulikimaliza upesi.

Ndipo baba, aliyekuwa akibeba mawe ya kushindilia reli, akaja na habari ya sakafu isiyoliwa na mchwa. Alikuwa ameiona kwenye nyumba ya kituoni. Inaanza kama uji, alisema, kisha inakuwa jiwe, na mchwa akigonga kichwa chake hapo anarudi kwao. Watu waliiita saruji. Sisi tuliiita unga wa jiwe.

Mama hakukataa sakafu, naomba mlielewe hilo. Aliitaka kuliko baba. Alichokitilia shaka ni hesabu. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa akimnywesha mdogo wangu, na mama aliiona wazi hatari yake: ng'ombe akiondoka na sakafu isipatikane, tutakuwa tumekosa maziwa na mchwa bado wanatungoja. Kwa hiyo kila kitu alichokipanga baba vumbini, yeye alikiokota, akakigeuza na kukichungulia upande wa chini.

Fundi alikuja siku nyingine kupima. Alikuwa mtu wa Kondoa, kofia nyeupe, kanzu ameifunga kiunoni, mpole wa maneno. Alikuwa amejengajenga bomani Dodoma, na kwa Kiswahili alitushinda sote. Alipewa maziwa, pombe hanywi, na hilo mama aliliweka akibani.

"Mtu asiyelewa," alimwambia shangazi pembeni, "utamjuaje?"

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mjane mwenye mdomo, akikaa upande wa pili wa tembe letu. Akajibu, "Wewe subiri azeeke, wifi. Wazee wote wanasema ukweli."

Fundi akapima chumba kwa nyayo zake, kisigino kwa kidole, akinong'ona. Mama akasubiri amalize, naye akapima kwa njia yake. Alikijua chumba kile kwa mikono: kila alipokisiriba kwa samadi na udongo, kilimaliza vikapu vyake vile vile, havizidi. Akamwambia fundi kwamba nusu ya pipa inatosha na kubaki.

"Mama, wewe unapaka," fundi alisema. "Mimi namwaga. Unene wake ni vidole vinne."

"Vinne!" Mama akaviinua vya kwake akavitazama. "Unamzika nani humo ndani?"

Shangazi akacheka mpaka mbuzi wakageuka. Fundi naye akacheka, lakini hakupunguza hata kidole kimoja. Alitaka pipa zima, mchanga wa korongoni, kokoto, na ujira wake mbuzi mmoja jike. Mchanga na kokoto vilikuwa vya bure, ila migongo yetu. Rupia za baba zilikuwa za kodi ya nyumba, hazikuguswa. Ikabaki ng'ombe.

Alipelekwa kwa mwenye duka jirani na stesheni Dodoma. Baba alimswaga asubuhi, na mama hakutoka nje kumtazama. Mdogo wangu alianza kunyweshwa uji mwembamba, na kila alipolia mama alisema, "Lia, mwanangu. Unalilia sakafu."

Pipa likaja kwa behewa la kazi, likashushwa kando ya reli, wanaume wakaliviringisha mpaka nyumbani. La mbao, limefungwa pete za chuma, zito kama dhambi. Fundi alikuja nalo. Akaligonga huku na huku, akaridhika, akasema atarudi siku ya kazi asubuhi, na pombe iwe imeiva kwa ajili ya wasaidizi. Kisha akaweka kiganja juu ya mfuniko.

"Ila msiliguse mpaka nije."

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Msiliguse tu. Mnisubiri."

Akaaga, akaenda zake. Mama akabaki ameliangalia pipa.

"Mmesikia? Mtu anakwambia usiguse mali yako."

"Fundi ni fundi," baba alisema. "Ana utaratibu wake."

"Hata mwizi ana utaratibu."

Tangu hapo mama alilalia ngozi karibu na pipa lile. Akiwa anasaga, anasagia kando yake. Akienda shambani, shangazi analikalia. Na kadiri siku ya kazi ilivyokaribia ndivyo hesabu yake ilivyozidi kumsumbua. Nusu ya pipa inatosha, aliamini hivyo kabisa. Nusu ya pili basi ni ya nani? Akaiona yote mbele yake: fundi atafika asubuhi na vikapu vyake, atachanganya haraka haraka wakati watu wanasalimiana na kuonja pombe, sehemu ataitia, sehemu ataificha, jioni atapita kuichukua. Na nani atajua? Unga ukishaingia kwenye mchanga, nani ataupima?

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, watu wa kwetu tu tukiwepo, mama akasema, "Tuuchanganye sisi. Leo. Akija kesho aukute wote uko kwenye mchanga, akose cha kuficha."

Baba akakuna kichwa. "Unajua unavyochanganywa?"

"Wewe si ulikuwa relini?"

"Nilibeba mawe. Kwenye mchanganyiko walituambia tukae mbali."

"Unaona?" Mama akapiga makofi mara moja. "Kila mahali wanafukuza watu. Basi kuna kitu."

Na hapa lazima niseme jinsi tunavyojenga, maana bila hilo mtatuona wapumbavu. Udongo wa kukandikia tembe hautumiki siku unapochimbwa. Unaumwagia maji jioni, unaukanyaga kwa miguu mpaka unavutana, unaufunika kwa majani, unaulaza. Udongo usiolala una kiburi, utaukandika ukutani nao utapasuka ukikauka. Uliolala asubuhi ni laini, unakutii. Hata mtoto alijua. Kwa hiyo mama aliposema tuuchanganye jioni, hakuna aliyeona ajabu. Baba mwenyewe akasema, "Kwa hilo kweli, ulale. Tutakuwa tumemsaidia."

Wakazivunja pete kwa shoka. Unga ulikuwa wa rangi ya majivu, laini kuliko unga wowote niliowahi kuusaga. Mama akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akitafuta kama chini kuna mchanga. Akaunusa. Akaulamba kidogo, akatema. Kisha tukaumimina wote uani juu ya mchanga na kokoto, tukachota maji, tukaingia kwa miguu, mama, shangazi na mimi, tukakanyaga tukiimba kama tunavyokanyaga udongo.

"Huu wa Kizungu unawasha," shangazi alisema.

"Kanyaga."

"Wifi, unawasha kweli. Utaniacha bila nyayo, nitamwendea nani mbinguni kwa magoti?"

"Kanyaga, nawe! Ng'ombe yuko humo."

Tulikanyaga mpaka ukawa uji mzito. Tukaukusanya lundo moja kubwa katikati ya ua, tukalifunika kwa majani na ngozi kuukuu. Miguu yangu ilichubuka, nikaipaka siagi. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu pipa lije, mama alilala ndani kwa amani.

Asubuhi alitangulia yeye. Alifunua majani, akachukua jembe ili aonje ulaini wake. Nilisikia mlio. Ulikuwa mlio wa jembe juu ya mwamba, nami nikadhani amekosea mahali. Akapiga tena. Mpini ukamruka mkononi.

Baba akatoka. Akaweka kiganja juu ya lundo, akakiondoa upesi kama aliyegusa maiti.

"Limekufa," alisema.

Mama hakulia. Alifanya alichokuwa akikifanya siku zote: akatafuta mtu. Akazunguka lundo akichungulia nyayo vumbini. Zilikuwa zetu tu. Akauliza nani alipita jana magharibi. Hakuna aliyepita. Akamtazama shangazi.

"Usinitazame mimi," shangazi alisema. "Miguu yangu imo humo humo. Ningejiroga mwenyewe?"

"Ni yeye," mama akasema. "Ameligonga pipa lile siku ile. Mliona alivyoligonga?"

Na hapo hapo sauti ikaja kutoka njiani, "Hodi wenyewe!" Fundi, kofia safi, mwiko wake umefungwa kwenye kitambaa.

Hakuna aliyemwambia karibu. Aliingia, akaliona lundo, akasimama. Akalizunguka. Akaligonga kwa kisigino cha mwiko, tii, tii. Kisha akavua kofia, akaketi juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale.

"Nilisema mnisubiri."

"Ulisema tusubiri," mama alisema. "Kwa nini tusubiri, hukusema."

"Mama, huu hauchanganywi ukalazwa. Ukikutana na maji una haraka. Unachanganya kidogo, unamwaga, unachanganya tena."

"Sasa ndiyo unasema!"

"Ungeniuliza..."

"Nilikuuliza! Nilikwambia kwa nini, ukaniambia msiguse tu. Hao hapo, waulize."

Fundi akamtazama baba. Baba akatazama chini, akasema, "Alikuuliza."

Fundi akaigeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena. Nilikuwa karibu, nikamwona usoni, na mpaka leo siamini kuwa nilikosea: ile haikuwa hasira, ilikuwa aibu. Akasema polepole, kama anayezungumza na kofia:

"Mimi nilibeba maji ya wajenzi misimu mingi kabla ya kuambiwa neno hilo. Mtu akilijua, ananiitia nini?"

Mama alikaa chini. Alikuwa amepata alichokitafuta. Kilikuwa kidogo kuliko wizi, na ng'ombe alikuwa ameondoka vile vile.

Sauti za watu zikasikika upande wa korongo. Majirani walikuwa wanakuja kwenye kazi, wanaume wakiimba, maana harufu ya pombe yetu ilikuwa imeshawapa njia. Baba akashtuka.

"Watatuchekaje leo! Mpaka kituoni itafika."

"Watacheka," mama alisema. "Na watauliza. Na mimi nitawajibu." Akamgeukia fundi. "Nitawaambia unga wa jiwe unachanganywa kidogo, unamwagwa papo hapo, haulazwi. Nitawaambia wote. Wengi wao wako relini, wewe unajua wanavyopata vitu. Kabla ya masika kila mtu atakuwa fundi."

"Mama..."

"Au nisiwaambie."

Fundi alilielewa kabla ya baba. Akavaa kofia.

"Ukiwaambia, hata wewe watajua ulilaza unga."

"Mimi nimeshapoteza ng'ombe. Kuchekwa ni mzigo mwepesi."

Sauti zilikuwa zimekaribia zizi. Fundi akasimama, akakitazama chumba, akalitazama lundo.

"Chumba kizima siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Chini ya vilindo tu. Pale vinaposimama, na kiganja kimoja pembeni."

"Na ukutani, ili wasipandie huko."

"Na ukutani kidogo."

"Na utachanganya mbele yangu."

"Mbele yako."

"Na hawa watu?" baba akauliza. "Tunawaambiaje hili dude?"

Fundi akatoa mwiko wake, akauchapa juu ya lundo kama mtu anayemalizia kazi. "Waambie ni baraza. Waambie mlitaka kitu cha kukalia kisichooza."

Wageni walipoingia na majembe yao walimkuta baba ameketi juu ya lile jiwe, mguu juu ya mguu, jasho linamtoka. Mmoja wao akaangua kicheko.

"Ndiyo sakafu hii? Mbona imepanda mlima?"

"Ni baraza," baba alisema. "Hamjui vitu, nyie. Kaeni."

Wakakaa. Wakakunywa pombe ya kazi bila kufanya kazi, wakalisifu baraza letu, ingawa lilikuwa limekaa upande na kumchoma kila mtu mahali pake. Shangazi alikuwa akiingia ndani kila mara kucheka kwenye ngozi. Mama aliwagawia pombe bila kutabasamu, na kila fundi alipoinama kunong'ona na mtu, naye alikwenda kusimama hapo karibu na kata mkononi.

Fundi alirudi siku nyingine na punda, mifuko miwili ya ngozi mgongoni mwake. Mama akampokea langoni mwa ua wa miiba. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kwanza, kisha wa pili. Ulikuwa unga ule ule, rangi ile ile ya majivu. Nilimwona anafungua mdomo. Swali lilikuwa hapo, kila mtu angeliona: umeupata wapi, na kwa nani, na kwa ng'ombe gani? Naye ndiye aliyeshikilia tangu mwanzo kuwa huyu ni mwizi. Lakini akaukung'uta mkono wake, akasema, "Ingiza ndani, kabla watu hawajapita."

Tulivitoa vilindo. Fundi akachimba, akashindilia kokoto, akachanganya kidogo na kumwaga, akachanganya tena, na mama alichuchumaa mbele yake uso kwa uso, kama mtu anayekamua. Kila konzi ya mchanga aliihesabu kwa midomo. Kila mara fundi alipogeuka kumpa mgongo, alihama naye. Alipomaliza kusawazisha, palikuwa na kipande cheusi, kinachong'aa kwa maji, upana wa ngozi chache tu kando ya ukuta.

"Kisikanyagwe," alisema fundi, kisha akakumbuka, akaongeza haraka, "kwa sababu bado ni kibichi. Kinywesheni maji asubuhi na jioni, kisipasuke."

"Ahsante kwa sababu," mama alisema.

Fundi akangoja. Mama naye akangoja. Mwishowe fundi akataja mbuzi.

"Mbuzi wako yupo. Masika yakipita, na mchwa wakiwa wamepita, njoo umchukue. Kama kilindo kimepona."

"Mama, ujira wa mtu..."

"Nimelipa mara moja kabla ya kuona. Sasa naona kwanza."

Masika yale mchwa walikuja kama kawaida yao. Walijenga njia zao nyekundu chumbani kote, wakala mguu wa kitanda cha mama na ngozi mbili. Mama aliamka kila asubuhi, akainua kila kilindo, akapapasa kitako chake kwa vidole. Alikuwa na hakika kwamba siku moja atakuta kimelegea. Aliponda njia za mchwa zilizofika ukingo wa jiwe, kesho yake zikaja tena, zikafika pale pale, zikageuka. Mpaka mvua zinakwisha uwele ulikuwa mkavu, na tuliula. Hatukwenda Mlali. Mdogo wangu aliishi kwa uji, akawa mwembamba wa miguu, lakini aliishi.

Fundi akaja kumchukua mbuzi wake. Mama akampeleka chumbani, akainua kilindo mbele yake. Kisha wakatoka uani, na baba, aliyekuwa amechangamka kwa kuwa chakula kipo, akamwekea fundi kigoda na kuanza mazungumzo.

"Lakini bwana fundi," alisema, "ule unga wa mara ya pili. Wewe ulisema pipa zima ni ng'ombe. Ile mifuko miwili uliipata..."

"Mbuzi wa mtu yuko zizini," mama akamkata. "Umemwacha mgeni anasimama juani?"

"Ameketi, mke wangu."

"Basi ainuke. Njia ya Kondoa ni ndefu."

Akaingia zizini mwenyewe, akachagua mbuzi. Aliyemchagua hakuwa yule mkondefu tuliyekuwa tumemtenga, alikuwa jike mnene mwenye mimba. Akamfunga kamba, akamkabidhi fundi mkononi, na akamsindikiza mpaka nje ya miiba, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mgeni mwingine yeyote. Niliona kuwa hakuwa anamheshimu. Alikuwa anahakikisha ameondoka kabla swali la baba halijapata jibu.